Muziki wa Kuwasindikiza Waliotangulia

Jumamosi moja ya masika, baada ya swala ya alasiri, mpwa wangu alinijia barazani hapa Bondeni, Nakuru, akaniamkia, akaketi, na akaniomba jambo ambalo katika miaka yangu yote ya ualimu sikupata kuombwa na kijana yeyote: nimchagulie muziki wa kusindikiza mchezo. Yeye na wenziwe watano wana desturi ya kukutana mezani kwa dada yangu, kila mmoja akavaa nafsi ya mtu wa zamani, huyu morani, huyu mpagazi, huyu karani wa reli iliyofika Nakuru mwaka 1900, huyu mke wa mlowezi. Na mmoja wao, wanayemwita mwendeshaji, huwasimulia mahali walipo na yaliyowafika, kila mmoja akasema atatenda nini, na dadu ikaamua kama tendo lake limefaulu au limeanguka. Chini ya maneno yao hupita muziki, kwa sauti ndogo, kutoka katika spika isiyozidi kikombe cha kahawa.

“Mjomba,” alisema, “maneno tunayo, ramani tunayo, ila muziki unatushinda. Tukiweka huu watu wanacheka, tukiweka ule wanasinzia. Wewe umefundisha historia maisha yako yote, tuchagulie.”

Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Ilinichukua majuma matatu, kwa kuwa chini ya ombi lile dogo nilikuta swali ambalo wenye elimu na wenye dini wamelizunguka kwa karne nyingi bila kulimaliza, nalo ni hili: je, ni halali kwa aliye hai kuuamuru moyo wa msikilizaji jinsi ya kuwahisi waliokufa, ilhali wao hawana tena ulimi wa kujisemea?

Neno likiingia sikioni hupitia mlango wa akili, na akili, ikiwa macho, hulisaili: umetoka wapi, wataka nini, nani shahidi wako? Naghama haibishi hodi. Hupita moja kwa moja hadi kifuani, ikakaa, ikaanza kutoa amri, na mwenye nyumba hana habari kwamba ana mgeni. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya Ulum al-Din kwa ajili ya adabu za kusikiliza, yaani samaa, na katika hoja zake nzito mojawapo ni kwamba naghama haitii moyoni kitu ambacho hakikuwamo, bali hukitikisa kilichomo kikajitokeza. Karne nyingi kabla yake, Augustine, Mwafrika wa kaskazini aliyekuwa askofu wa Hippo, alikiri katika Maungamo yake kwamba zilimpata nyakati ambapo uzuri wa uimbaji ulimgusa kuliko maneno matakatifu yaliyoimbwa, naye akajihesabia hilo kuwa dhambi. Watu hawa wawili, wa dini mbili na zama mbili, waliogopa jambo moja: kwamba sikio laweza kuufikisha moyo mahali ambapo akili haijatoa idhini.

Ukweli wa maneno ya Imamu niliuona kwa macho yangu katika Jumamosi ya kwanza niliyokwenda kuwatazama wachezao. Kulikuwa na tukio la mapambano, na mwendeshaji, ambaye ni kijana mwema na mwenye bidii, aliweka sauti za filimbi nyingi za kujibizana gizani, akidhani zitawapa wenziwe msisimko. Dada yangu alikuwa akiingia na birika la chai na vikombe juu ya sinia. Aliposikia zile filimbi alisimama, akaliweka sinia sakafuni, si mezani ambako palikuwa na nafasi, akatoka nje bila kusema neno. Nami nikasikia komeo la lango likivutwa, likajaribiwa, likavutwa tena. Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, siku zile mji wetu ulipowekewa amri ya kutotoka nje usiku, nyumba zikichomwa na watu wakikimbia na magodoro vichwani, ni filimbi za namna hiyo tulizozisikia mimi na yeye kutoka mtaa hadi mtaa, tukiwa tumezima taa. Vijana wale walikuwa watoto wadogo wakati huo. Kwao filimbi ilikuwa pambo la mchezo. Kwa dada yangu ilikuwa ni lango. Hakuna aliyekosea kwa kusudi, walakini jeraha lilifunuliwa, na lilifunuliwa na kitu kilichoitwa cha nyuma, cha kupita tu, kisichohesabiwa.

Katika maandiko hayo hayo ya samaa hunukuliwa kauli ya al-Junayd wa Baghdad, bwana wa masufi, ya kwamba kusikiliza kunahitaji mambo matatu, na yasipopatikana ni bora mtu aache: zamani, mahali, na ikhwani; yaani wakati wake, pahali pake, na watu unaosikiliza pamoja nao. Yeye alikusudia dhikri za waja wanaomtafuta Mola wao, si meza ya vijana na dadu zao. Lakini mizani nzuri haipimi kitu kimoja tu, na mimi niliichukua mizani hiyo nikapimia ombi la mpwa wangu.

Nikaanza na wakati. Kisa walichokuwa wakikiendea vijana ni kile cha Menengai, kasoko kubwa iliyouegemea mji wetu upande wa kaskazini, yenye urefu wa kilomita 12 hivi na upana wa kilomita 8. Wenyeji husimulia kwamba katika vita vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe, katika karne ya 19, Ilpurko waliwashinda Ilaikipiak, na morani wengi wakasukumwa hadi ukingoni wakaporomoka ndani. Ndiyo maana jina Menengai hufasiriwa kuwa mahali pa maiti, na moshi upandao kutoka katika nyufa za chini ukasemwa kuwa ni roho za mashujaa wale zikitafuta njia ya kwenda juu. Kwa kisa hiki mwendeshaji alikuwa amepakua katika intaneti muziki wa ngoma kubwa, zikipigwa kwa kishindo, umeandikwa kuwa ni wa vita vya Afrika.

Nilimwuliza, “Ngoma hizi ni za nani kati ya hawa wawili?”

Alinyamaza. Nami nikamweleza kwamba Wamaasai wa zama zile hawakuwa watu wa ngoma za kuwambwa. Muziki wao ulijengwa kwa makoo ya watu: mwongozaji, aitwaye olaranyani, hutangulia na ubeti, na wenziwe humwitikia kwa mngurumo wa kifuani unaopanda na kushuka kama pumzi ya ng’ombe zizini, na katika sherehe kubwa hupulizwa pembe ya tandala. Basi ngoma ile haikuwa sauti ya Ilpurko wala ya Ilaikipiak. Ilikuwa ni sauti ya sinema za ng’ambo, ambako bara zima limegawiwa ngoma moja, na aliyeipiga hakuwa na haja ya kujua kama anamsindikiza Mmaasai au Mzulu. Uongo wa neno hukanushwa kwa neno, lakini uongo wa naghama hauna pa kukanushiwa, kwa maana haukutamka kitu. Kijana ataisahau tarehe, atayasahau majina, bali moyo wake utaendelea kuamini kwamba alikuwapo Menengai na alisikia ngoma.

Baada ya hapo mmoja wao, kwa ile ghera ya ujana ambayo naipenda, akataka ipitishwe sheria kwamba chochote kisichokuwa cha asili kisiguswe. Nikawaonya kwamba na huko kuna shimo. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyetumia umri wake kurekodi nyimbo za Afrika, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis, akarekodi wasichana wakiimba kwa kinanda cha nyuzi wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo si la Kikipsigis asilani. Ni jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika katika vilima vile pamoja na gramafoni. Jina likapinda katika ndimi za wenyeji, na mwenye jina akageuka kiumbe nusu mtu na nusu swala, anayechezewa na kuitwa na wasichana. Je, wimbo huo ni wa asili au ni wa kigeni? Mtu akitaka kuigiza kijiji cha Bonde la Ufa cha miaka ya 1940, akaiondoa gramafoni kwa kuwa si ya asili, atakuwa ameisafisha historia kama mtu aoshaye sufuria hadi ikatoboka. Wakati una haki zake, na mojawapo ni kukubaliwa ulivyokuwa, pamoja na wageni waliokuwa wamekwisha kuingia.

Nikaendelea hadi mahali, na hapa ndipo nilipojifunza kwa kijana kuliko yeye alivyojifunza kwangu. Mwendeshaji alikuwa amepata rekodi ya zamani ya wanaume wa Kikalenjin wakiimba, nzuri ajabu, sauti nzito zimefumana kama ukili, naye akaona itafaa kwa tukio la safari ya usiku msituni. Aliibonyeza simu. Hazikupita nukta tano, kijana mmoja aliyeketi mkabala nami, mtulivu, ambaye jioni yote hakuwa amesema ila yaliyohusu zamu yake, alinyosha mkono akaifunika ile spika kwa kiganja, kama mtu azibaye mdomo wa mtoto asije akatamka jambo mbele ya wageni. “Huu hauchezwi hapa,” alisema. Mwendeshaji alimwuliza sababu. “Huu una mahali pake. Mimi niliusikia mara moja, na niliambiwa nisiutoe.” Hatukumdadisi. Sote tulielewa kwamba ni wimbo wa jando, wa wale waliowekwa faraghani, na kwamba aliyeurekodi zamani, kwa hisani au kwa hila, aliuhamisha kutoka katika nyumba yake akauacha njiani.

Tangu jioni ile nimekuwa nikitafakari kiganja kile. Sisi wa zama hizi tumezoea kuuona muziki kama maji ya bomba, ambayo mtu hufungua akateka kiasi apendacho. Ilhali kwa wazee wetu wimbo ulikuwa ni tendo. Wimbo wa jando hufanya kazi ya kumvusha mtoto, wa kilio hufanya kazi ya kumzika mtu, wa kupalilia hufanya kazi ya kuunganisha majembe. Al-Ghazali mwenyewe alipoainisha nyimbo hakuziainisha kwa ala wala kwa utamu, bali kwa kusudi: ya kuwashawishi mahujaji, ya kuwatia ari wapiganaji, ya kuomboleza, ya kufurahia arusi na mwana aliyezaliwa, na hata ya wale wanaomwashiki Mungu. Kuuchukua wimbo wa namna hiyo na kuuweka nyuma ya mchezo ni kumfanya aliyekuwa kiongozi wa jambo kuwa mtumishi wa pembeni. Yamkini kuna nyakati ambapo wenyewe watatoa idhini, na idhini ndiyo inayogeuza unyang’anyi kuwa hidaya. Nafurahi kwamba rekodi za Tracey, baada ya miaka zaidi ya sitini, zilirudishwa kwa watu wa Kapkatet wakazisikia sauti za wazee wao. Sauti iliyorudi nyumbani yaweza kutoka tena kwa heshima. Iliyochukuliwa bila kurudi hubaki ikidai.

Tena mahali si kijiji au msitu tu. Ni pale mtu aliposimama. Kule Njoro liko jumba la mlowezi Lord Egerton, lililojengwa kati ya 1938 na 1954, na katika ukumbi wake wa dansi palikuwa na kinanda kikubwa cha mabomba. Vijana walipotaka kuigiza karamu katika jumba hilo niliwaruhusu naghama ya kinanda kile, kwani ni sauti iliyokuwa na haki ya kusikika humo; lakini nilimwomba mwendeshaji kwamba zamu ikimfikia yule anayevaa nafsi ya mpishi, aipunguze sauti hata iwe kama inayopita katika mlango uliofungwa. Naghama ni moja, bali kwa aliyealikwa kucheza na kwa aliyesimama jikoni na sahani mkononi haiwi sauti moja. Alifanya hivyo, na kijana aliyekuwa mpishi alikaa kimya kitambo kirefu kabla ya kusema atatenda nini.

Limebaki la tatu, ikhwani, nalo ndilo zito kuliko yote katika nchi yetu hii. Mezani kwa dada yangu huketi kijana ambaye babu yake alipata ekari zake kwa kuchanga fedha katika kampuni ya kununua mashamba baada ya uhuru, na pembeni yake huketi kijana ambaye babu yake husimulia kwamba nyika hiyo hiyo ndiyo waliyolishia mifugo kabla ya mlowezi kuweka seng’enge. Wote wawili husema kweli. Sasa tuseme mwendeshaji anasimulia siku familia ya kwanza inashuka katika lori na mabati na vifaranga vyake, na chini ya maneno yake anaweka naghama ya huruma. Halafu anasimulia wachungaji wanaotazama kutoka kilimani, na anaweka naghama ya hofu. Maneno yake yote yaweza kuwa ya insafu, yamepimwa kama dhahabu, na hata hivyo hukumu imekwisha kutolewa, imetolewa na spika. Mmoja mezani amefanywa mwana wa mateso, na mwingine amefanywa mwana wa hatari, na hakuna hata mmoja wao atakayeweza kuonyesha ni wapi alipodhulumiwa. Baada ya ghasia zile za 2008 redio za lugha za makabila zililaumiwa katika nchi hii kwa kuchochea chuki. Wala tusisahau kwamba redio haisemi tu, redio huimba.

Al-Ghazali aligawa huzuni mafungu mawili: iko inayomfanya mtu aikasirikie kadari na kuyalilia yaliyokwisha kupita, nayo hakuisifu; na iko inayomfanya mtu ayalilie mapungufu yake mwenyewe, kama Adamu alivyolia, na hiyo akaisifu. Nimeona mgawanyo huu kuwa ndio ufunguo wa mchaguzi wa muziki. Ikiwa naghama uliyoiweka chini ya kisa cha wafu inamwinua msikilizaji akatafute wa kumlaumu, iondoe, hata ikiwa tamu. Ikiwa inamrudisha ndani ya nafsi yake akajiuliza kwamba lau angalikuwapo angalitenda nini, iache, kwa kuwa ndilo swali ambalo mchezo huo wa kuvaa nafsi za watu uliundwa kuliuliza.

Najua yuko atakayesema kwamba huu ni mchezo tu, na kwamba mzee amebebesha punda wa vijana mzigo wa ngamia. Simkasirikii. Lakini hapa hapa Nakuru, katika kilima cha Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alianza kufukua mwaka 1937 makazi na makaburi ya watu wa kale, mwambani pamechongwa mashimo ya bao. Watu waliketi pale, karibu na walipowazika wenzao, wakatia kete na kutoa kete. Mchezo haukuwa adui wa heshima; ulikaa jirani na makaburi na ukajua mipaka yake. Kuwaigiza waliotangulia si dhambi kwa maoni yangu, bali ni njia mojawapo ya kuwazuru. Na azuruye kaburi huingia kwa salamu, hachukui kitu, na hapigi kelele zinazomzuia jirani yake kusikia.

Ilibaki Menengai, ambayo kwayo sikuwa nimepata cha kuwapa. Ngoma nimeikataa, nyimbo za morani hazikuwa zangu kuzitoa, na hatukuwa na wa kumwomba idhini. Jumapili asubuhi tulipanda, mimi na mpwa wangu na mwendeshaji, hadi ukingoni mwa kasoko, tukaiweka simu juu ya jiwe, tukakaa mbali kidogo tusije tukaingiza pumzi zetu. Upepo ulikuwa ukitoka chini, ukipita katika majani ya leleshwa, ukikatika na kuanza tena. Tulirekodi kwa muda wa saa moja. Tulipoisikiliza tukiwa nyumbani tuligundua kwamba chini ya upepo kulikuwa na sauti nyingine, nyembamba, isiyokatika: ni mvuke wa visima vya umeme ambavyo vimechimbwa ndani ya kasoko tangu 2011.

“Huo nitaufuta, Mjomba,” alisema mwendeshaji, ambaye siku hizi naye huniita mjomba. “Iko programu ya kuondoa. Wakati wa vita vile mvuke huo haukuwapo.”

Nilifikiri sana kabla ya kumjibu, kwani kwa mizani ya wakati alikuwa na haki. Kisha nikamwambia auache. Upepo hauna kabila wala hauhitaji idhini ya mtu, na ule mvuke ni ushuhuda wetu sisi. Unasema kwamba wanaosikiliza ni watu wa leo, wanaowasha taa kwa moto wa mahali pale pale pa maiti, na kwamba hatudai kuwa tulikuwapo. Nadhani uaminifu wa mchaguzi wa sauti unafika hapo: asimdanganye aliyekufa kwa kumtungia sauti isiyokuwa yake, wala asimdanganye aliye hai kwa kumficha alipoketi.

Jumamosi iliyofuata walikicheza kisa kile. Mwendeshaji aliibonyeza simu, upepo ukaja, na mvuke chini yake. Dada yangu aliingia na sinia lake la chai, akasimama, akasikiliza. Safari hii aliliweka mezani, baina ya dadu na ramani, akavuta kiti akakaa.

“Hapo ni wapi?” aliuliza.

“Menengai, Mama,” alijibu mwanawe.

Akaanza kumimina chai, kikombe baada ya kikombe, polepole, asije akaziba sauti.